Ugomvi wa dakika tatu, jukwaani na mbele ya kamera

Chukua sini, yaani onyesho moja la hadithi, ya kurasa tatu: mume na mke wanagombana mezani, chai inapoa. Ukurasa mmoja wa skripti hukadiriwa dakika moja, kwa hiyo jukwaani ugomvi huo umekwisha baada ya dakika tatu. Ukiushuti kwa kamera moja, nusu siku inaweza kukatika, na hakuna aliyezembea.

Kinachokula muda ni kuhama kwa kamera. Unapiga shoti (picha ya kamera ikiwa mahali pamoja) pana ya sini nzima, kisha kamera nyuma ya bega la mke ukimtazama mume, kisha kinyume chake, kisha uso wa kila mmoja kwa karibu. Hizo tano. Kwa teki tatu tatu, yaani kila shoti ikirudiwa mara tatu, wamegombana mara 15. Mimi humaliza shoti zote zinazomwelekea mume kabla ya kumgeukia mke, maana kugeuza kamera ni kupanga taa upya.

Kikombe ndicho kinachowaumbua wengi. Mke akikinyanyua kwa mkono wa kulia katika shoti pana, basi ni mkono huohuo, kwenye neno lilelile, mara zote 15, na chai iwe kimo kilekile. Mpe mtu mmoja kazi hiyo tu, apige picha za meza kwa simu kila baada ya teki. Vinginevyo mhariri akiunganisha, kikombe kinaruka.

Sauti ndiyo tunayoidharau zaidi. Zima friji na feni, jenereta ipelekwe mbali. Kabla ya kuondoka, wote wasimame kimya mrekodi sekunde 30 za ukimya wa chumba hicho, mhariri azibie mapengo nazo. Bila hizo, kila mkato unasikika.

Jukwaani jasho linamwagwa kabla, wiki kadhaa za mazoezi, kisha linamwagwa tena kila usiku. Sauti ifike safu ya nyuma bila kupiga kelele. Silabi ya mwisho ndiyo humezwa kwanza, kwa kuwa mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye ya pili kutoka mwisho. Na hadhira ikicheka, mwigizaji asubiri kicheko kianze kushuka ndipo aendelee; akiwahi, sentensi inayofuata imepotea.

Mtazamaji naye hafanyi kazi sawa. Kwenye filamu ameshachaguliwa cha kutazama: huu uso, huu mkono. Ukumbini anachagua mwenyewe, mume anafoka yeye anamtazama mke. Ndiyo maana mwongozaji wa jukwaa huwakataza wasio na maneno kujikuna au kuchezea nguo, kwani jicho hufuata kinachotikisika.

Mwigizaji wa jukwaani akija kwenye kamera, mshushe sauti hadi ya mazungumzo ya kawaida. Na kama sini inataka machozi, vunja mpangilio: piga uso wa karibu mwanzoni. Ukianza na shoti pana, kufikia teki ya kumi macho yamekauka.