Stelingi hafi, na mengine tunayozisingizia picha za Kihindi

Simulia kijiweni jambo lisilosadikika, hutakosa wa kukukatisha: "Acha hizo, hilo sasa picha la Kihindi." Anayesema hivyo mara nyingi amekulia kwenye vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video mtaani, kama wengi wetu, na dada zake wanajua nyimbo za Shah Rukh Khan neno kwa neno bila kujua zinasema nini. Tunazipenda hizi picha, tunazicheka, na tunazisemea mengi. Ila vingi tunavyovisifia au kuvidhihaki si vyao. Sauti ni ya mtu mwingine, jumba liko nchi nyingine, na zile ngumi za kurusha magari zimetoka kwa jirani.

"Stelingi hafi"

Hii ndiyo amri ya kwanza ya kibanda umiza. Adui atachoma nyumba, atateka mama, atamfunga stelingi, yaani shujaa wa picha, kwenye nguzo na kumchapa mijeledi, lakini mwisho wa picha stelingi atasimama na adui atalala chini. Mtoto akianza kulia anaambiwa atulie, stelingi hafi.

Anakufa. Tena katika zile picha kubwa kabisa anakufa sana.

Chukua Sholay ya mwaka 1975. Jai, anayechezwa na Amitabh Bachchan, ana sarafu. Kila akibishana na rafiki yake Veeru, yaani Dharmendra, anairusha juu, na bahati inamwangukia yeye. Wakiwa wamezingirwa na majambazi wa Gabbar Singh, risasi zinaishia, lazima mmoja aende kuleta nyingine na mmoja abaki kuwazuia. Sarafu inarushwa, Jai anabaki. Veeru akirudi anamkuta rafiki yake anakata roho. Baadaye anaiokota ile sarafu, anaigeuza, na kukuta pande zote mbili zina sura moja. Hapakuwa na bahati yoyote. Jai alikuwa akichagua mwenyewe siku zote, na kufa kachagua mwenyewe. Mtu aliyeiona hiyo akaendelea kusema stelingi hafi, sijui alikuwa ameangalia wapi.

Mwaka huohuo wa 1975 Amitabh alikufa tena katika Deewaar, safari hii kwa risasi ya mdogo wake aliye polisi, akaishia mikononi mwa mama yao hekaluni. Mwaka 1978 akafa katika Muqaddar Ka Sikandar. Rajesh Khanna alikufa kwa saratani katika Anand ya 1971, na rafiki yake daktari akiwa bado analia, sauti ya marehemu ikaanza kusikika kwenye kinasa sauti cha tepu. Aamir Khan na Juhi Chawla wanakufa wote wawili mwishoni mwa Qayamat Se Qayamat Tak, 1988. Shah Rukh anakufa katika Baazigar, 1993, na humo ameshamsukuma binti wa watu kutoka juu ya ghorofa, kwa hiyo hata kumwita stelingi ni kazi.

Kinachonichekesha ni kwamba ipo picha ambayo stelingi alitakiwa afe akapona kwa sababu mwigizaji alipona. Julai 1982, Amitabh aliumia vibaya tumboni akiigiza ugomvi wa picha ya Coolie. Alilazwa akiwa hoi, watu India nzima wakawa wanamwombea. Alipopona, mwongozaji Manmohan Desai aliubadilisha mwisho wa hadithi: Iqbal, aliyekuwa afe, akaishi. Ukiiangalia leo, picha inasimama ghafla pale alipoumia, na maandishi yanatokea kukuonyesha kwamba ndipo hapo.

Na Sholay yenyewe? Mwisho tuliouzoea, polisi wanafika na kumzuia Thakur, bwana aliyewakodi Jai na Veeru, asimuue Gabbar, si ule waliouandika kwanza. Awali Thakur, aliyekatwa mikono yote miwili, alimmaliza Gabbar kwa miguu yake. Bodi ya ukaguzi ilikataa, ukapigwa mwisho mwingine. Kwa maoni yangu ule wa kwanza ndio wenye haki. Huwezi kumwandaa mtu kwa zaidi ya saa tatu halafu ukamletea inspekta.

"Yule Salman anajua kuimba"

Sauti unayoisikia kwenye wimbo kwa kawaida si ya unayemwona. Mwimbaji anaingia studio anarekodi, kisha mwigizaji anaufuatisha kwa midomo mbele ya kamera. Mtindo huu ulianza miaka ya 1930, na si siri: majina ya waimbaji yanaandikwa, na tuzo za filamu za Filmfare zina nafasi ya mwimbaji wa kiume na ya mwimbaji wa kike, mbali na za waigizaji.

Maine Pyar Kiya ya 1989 ni mfano mtamu. Salman Khan ndiyo kwanza alikuwa ametimiza miaka 24 picha ilipotoka. Sauti yake kwenye nyimbo ni ya S. P. Balasubrahmanyam, mwanamume wa miaka 43 kutoka kusini mwa India, mnene, mpole. Bhagyashree, binti wa miaka 20, anaimbiwa na Lata Mangeshkar aliyekuwa ameshafika 60. Yaani wale vijana wawili tuliowaonea wivu kwa mapenzi yao mubashara, kwenye nyimbo walikuwa ni mtu mzima na bibi. Na bado ukifumba macho unamsikia msichana.

Wapo waigizaji walioimba wenyewe mara mojamoja: Amitabh aliimba katika Laawaris na Silsila, zote za 1981, na Aamir aliimba katika Ghulam ya 1998. Hizo ni chache za kuhesabika. Hata Kili Paul wetu, yule kijana wa Kimasai aliyetajwa na Waziri Mkuu Modi wa India redioni Februari 2022, wapo jamaa wanaoapa kwamba anaimba Kihindi. Anafuatisha kwa midomo, kama wanavyofanya wenyewe kule Mumbai kunakotengenezwa picha za Kihindi. Ndiyo maana Wahindi walimpenda haraka: kile alichokuwa akifanya wanakijua.

Ukimtaka mtu wa huku aliyeimba kwelikweli kwa mahadhi hayo, msikilize marehemu Juma Bhalo wa Mombasa. Alichukua tuni za filamu za Kihindi akazitilia mashairi ya Kimvita, yenye hadithi zake mwenyewe, wala si tafsiri.

"Wahindi wanazidisha: ngumi moja, magari matano"

Vipande vinavyosambazwa kwenye simu, mtu anazuia treni kwa mkono au anageuza mti wa mnazi kuwa manati, vingi vinatoka kusini. Mumbai hawahusiki. India haina soko moja la filamu. Kitelugu wana lao Hyderabad, Kitamil wana lao Chennai, Kimalayalam na Kikannada vivyo hivyo. Baahubali na RRR ni za Kitelugu, Pushpa ni ya Kitelugu, KGF ni ya Kikannada. Zinawekewa sauti za Kihindi, zinapandishwa YouTube, kisha zinashuka kwetu zote zikiitwa za Kihindi. Hata Naatu Naatu, wimbo uliochukua Oscar mwaka 2023, ni wa Kitelugu, na ule uwanja wanaochezea viatu hadi vumbi linatimka uko Kyiv, Ukraine, mbele ya ikulu.

Kuzitambua si kazi. Tazama midomo, haifuati maneno. Kisha tazama vibao vya maduka nyuma ya waigizaji. Herufi za Kihindi zinaning'inia kwenye mstari kama nguo kwenye kamba; za Kitelugu ni za mviringo na hazina mstari huo juu.

Sisemi Mumbai wametulia. Mwongozaji wao Rohit Shetty anarusha magari kila akipata nafasi. Lakini hata Singham yake ya 2011 imetengenezwa upya kutoka picha ya Kitamil ya mwaka uliotangulia. Wanted ya Salman imetoka Kitelugu, Ghajini ya Aamir imetoka Kitamil, Kabir Singh imetoka Kitelugu. Kwa miaka mingi sasa Mumbai ndiyo inayoomba chumvi kwa jirani.

Slumdog Millionaire, tukiwa hapohapo, si picha ya Kihindi. Ni ya Waingereza, mwongozaji wake ni Danny Boyle, na sehemu kubwa ya maneno yake ni Kiingereza. Hadithi na waigizaji wengi ndio wa India.

"India ndivyo ilivyo"

Kuna kizazi kilichoiona Kabhi Khushi Kabhie Gham ya 2001 kikaamini matajiri wa Delhi wanaishi kwenye makasri na wanarudi nyumbani kwa helikopta. Lile jumba la akina Raichand unaloliona kwa nje ni Waddesdon Manor, lipo Buckinghamshire, Uingereza. Kile chuo cha Kuch Kuch Hota Hai, wanakorushiana mipira ya kikapu, kilipigwa Mauritius, na milima ya wimbo wenye jina la picha ni ya Scotland. Sari inayopepea kwenye theluji ni Uswisi, mahali ambapo mwongozaji Yash Chopra alipatumia mara nyingi hadi mji wa Interlaken ukamwekea sanamu.

Umaskini nao ulishaonyeshwa na Wahindi wenyewe zamani sana. Kwenye Do Bigha Zamin ya 1953, mkulima Shambhu anakwenda Calcutta kuvuta riksho ili alipe deni lisimchukulie shamba. Siku moja abiria wake anataka kulifikia riksho lililotangulia, anamwahidi pesa zaidi akikimbia. Anakimbia. Anaongezewa ahadi, anaongeza mwendo, mpaka gurudumu linachomoka na mtu anabiringika barabarani. Mwisho wa picha shamba limekwenda, kiwanda kinajengwa juu yake, na Shambhu akichota udongo kiganjani mlinzi anamwamuru autupe. Hakuna helikopta. Ndugu zangu wanaosema picha za Kihindi ni za matajiri kuchumbiana, ningependa waanzie hapo.

"Akina Khan ni ndugu"

Si ndugu. Aamir, Shah Rukh na Salman wamezaliwa mwaka mmoja, 1965, basi. Salman ni mtoto wa Salim Khan, mmoja wa waandishi wawili wa Sholay. Shah Rukh alitokea Delhi, akaanza kwenye tamthilia za runinga. Na si kila Kapoor ni wa ukoo wa Raj Kapoor, yule mwigizaji na mwongozaji wa zamani: Shakti Kapoor, yule adui wa kudumu, hamo, wala Shahid hamo.

"Nilimsikia mwenyewe akisema"

Ulimsikia DJ mtafsiri. Lufufu kwetu Tanzania na DJ Afro kwa wenzetu Kenya walifanya kazi kubwa, na wapo ambao bila wao wasingekaa dakika kumi mbele ya picha ya Kihindi. Lakini mtafsiri wa kibanda umiza anaongeza chumvi, anawabatiza watu majina ya mtaani, anamtukana adui kwa niaba yako. Sehemu ya ukimya anaijaza, maana yeye akinyamaza kazi yake haionekani. Katika Deewaar ndugu tajiri anamtajia mwenzake magari na majumba aliyonayo, kisha anamuuliza, wewe una nini? Yule polisi anajibu kwa maneno machache tu kwamba yeye anaye mama. Ukimya unaofuata ndio unaouma. Mara moja tu, itazameni ikiwa na maandishi chini na sauti yake yenyewe.

"Nyimbo ni za kujaza muda"

Huyu ndiye anayeshika rimoti na kupeleka mbele. Nyimbo zilikuwepo tangu India ilipotoa picha yake ya kwanza yenye sauti, Alam Ara ya 1931, na zilikuwa saba. Ukiziruka unaruka hadithi. Katika Sholay, Jai na Veeru wanaimba Yeh Dosti wakiwa juu ya pikipiki, wakiapa kwamba urafiki hawauachi. Jai akifa wimbo unarudi, polepole, sauti ni moja tu. Aliyeruka ule wa kwanza hana cha kukumbuka kwenye huu wa pili.

Hata hivyo nakubali zipo zinazobandikwa tu, hasa siku hizi, wimbo mmoja wa klabu na mnenguaji ambaye hatumwoni tena. Hizo ruka.

Na kama huwezi nyimbo kabisa, itafute Ittefaq ya 1969. Mchoraji anayeshtakiwa kumuua mkewe anatoroka, usiku wa mvua anaingia nyumba ya mwanamke aliye peke yake, na karibu mambo yote yanakwisha humohumo ndani. Rajesh Khanna na Nanda. Haina wimbo hata mmoja, haifiki saa mbili, na aliyeiongoza ni yuleyule Yash Chopra wa sari na theluji.