Daktari wa zamu ni nani usiku wa Jumamosi?

Watu wakimsifu daktari, husifu mkono wake au dawa aliyoandika ikaponya. Ni haki yao. Lakini mgonjwa aliyelazwa wodi ya magonjwa ya ndani hatibiwi na mtu mmoja. Kwa siku tatu tu atapitia kwa daktari mwanagenzi (aliye bado mafunzoni), afisa wa kliniki, daktari wa wodi na bingwa, na kila baada ya saa kadhaa mmoja anatoka, mwingine anaingia. Mengi yanayoharibika huharibika hapo katikati. Kuziba mwanya huo ndiyo kazi kubwa ya mkuu wa madaktari wa kitengo, na ndiyo kazi ambayo hakuna aliyemfundisha.

Tuseme ni saa mbili asubuhi katika hospitali yoyote ya rufaa ya kanda hapa Uganda. Zamu ya usiku inatoka. Kijana mwenye selimundu aliandikiwa damu tangu saa nne usiku. Daktari anayetoka anasema, "Kitanda cha sita, damu imeshaombwa," kisha anakwenda kulala. Sampuli ilifika maabara? Damu ya kundi lake ipo? Nani atafuatilia? Kila mmoja anaamini mwenzake analo. Mchana ndipo mama yake, aliyekaa kwenye mkeka kando ya kitanda, anauliza mbona damu haijaja.

Katika hali hiyo hutampata mzembe wa kumwadhibu. Kilichokosekana ni utaratibu, na utaratibu una mwenyewe, naye ni mkuu wa kitengo. Makabidhiano yaandikwe. Wagonjwa walio hoi wakabidhiwe kando ya kitanda, si korido. Kila jambo lililobaki liandikiwe jina la mtu na saa, na anayepokea arudie alichosikia. Njia ya aina hii, iitwayo I-PASS, ilipimwa katika wodi za watoto za hospitali 9 za Marekani na Kanada. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2014 yalionyesha makosa ya kitabibu yakipungua kwa asilimia 23, na madhara yanayozuilika kwa asilimia 30. Msingi wake ulikuwa mafunzo na namna moja ya kukabidhiana, jambo ambalo hata hospitali isiyo na fedha inaliweza.

Huko Marekani, mwaka 1996, Robert Wachter na Lee Goldman waliandika kuhusu daktari wa aina mpya: anayeshinda hospitalini akiwatibu waliolazwa tu. Kabla ya hapo, daktari wa familia alipita asubuhi kumwona mgonjwa wake kisha akarudi kliniki kwake. Uganda tunaijua hali inayofanana na hiyo. Bingwa anafanya raundi kubwa siku zake za wiki, siku nyingine wodi iko mikononi mwa vijana, naye ana kliniki mjini. Sioni faida ya kumlaani. Sababu zake tunazijua sote. Ila ratiba iseme wazi ni bingwa gani anayepigiwa simu usiku wa Jumamosi. Isiyosema hivyo haijakamilika, hata ikigongwa muhuri.

Na simu hiyo ipigwe bila woga. Mwanagenzi aliyefokewa mara moja saa nane usiku hatapiga tena, atasubiri kuche. Dawa yake ni kubandika ukutani dalili zinazolazimisha kupiga: mtu mzima anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, oksijeni ya damu chini ya asilimia 90, namba ya juu ya kipimo cha presha chini ya 90, au fahamu kubadilika ghafla. Hapo anayepiga anatii agizo, na bingwa hana la kununia.

Haki kwenye zamu nayo ni tiba. Waislamu wakishika Krismasi, Wakristo washike Idi, na aliyekesha asizuiliwe raundini hadi adhuhuri.

Dawa za serikali huletwa na National Medical Stores kwa mizunguko ya miezi miwili, hivyo mwishoni mwa mzunguko mfamasia aseme mapema asubuhi kilichokwisha, kabla daktari hajaandika kisichokuwepo na ndugu wakaanza kuhangaika madukani. Kuhusu vifo, wodi za uzazi zimetutangulia: kifo cha mama hutolewa taarifa ndani ya saa 24 na kujadiliwa ndani ya siku 7. Wodi za magonjwa ya ndani, ambako vifo si vichache, mara nyingi hazina kikao cha namna hiyo. Hili linanikera.

Wewe unayeuguza ndugu yako, una haki ya kuuliza bila kuonekana mkorofi: daktari wa zamu leo usiku ni nani, na ni kitu gani tunachosubiri, majibu ya maabara, damu au eksirei? Uliza zamu inapobadilika, si baada ya raundi kupita. Ukiona jambo lililoahidiwa halijafanyika kufikia saa iliyotajwa, mwambie muuguzi aliye zamu, naye ajue wa kumpigia.