Uliza kwanza nguzo ya ngapi

Kijana wa bodaboda hapa Mikindani aliniuliza juzi: "Fundi, nikiuza hii nikachukua ya umeme, nitajuta?" Kazi yangu ni njia za umeme, Mtwara na Lindi, miaka mingi sasa. Badala ya kumjibu nilimwuliza: kutoka kwenye transfoma hadi kwako kuna nguzo ngapi?

Transfoma nyingi za vijijini ni za kVA 50 au 100 (kVA ni kipimo cha uwezo wa transfoma, karibu sawa na kilowati). Zilipofungwa, hesabu ilikuwa taa, televisheni, redio, friji mbili tatu za dukani. Pikipiki ya umeme haizisumbui sana. Betri yake hubeba kama uniti 3 na ikiwa kwenye chaji huvuta umeme kama pasi moja. Gari ni habari nyingine. Chaja ya kawaida ya nyumbani ya kilowati 7 ni sawa na pasi saba zilizoachwa zinawaka usiku kucha. Magari saba yakichaji pamoja, transfoma ya kVA 50 imekwisha, na hapo hakuna jirani aliyewasha hata taa.

Ukisema utatumia soketi ya ukutani, ya ampea 13, unapata kilowati 3 tu. Betri ya uniti 60 itachukua saa 20 kujaa, ikiwa umeme haukukatika.

Halafu kuna mwisho wa laini. Kadiri nyumba ilivyo mbali na transfoma, ndivyo volti zinavyopotelea kwenye waya. Nimepima nyumba saa mbili usiku nikakuta volti 187 badala ya 230. Chaja nyingi za kisasa zikiona volti zimeshuka huongeza ampea, hadi kikomo chake, ili zipate nguvu ileile, na ampea zikiongezeka volti zinazidi kushuka. Anayeumia ni yule mama wa nguzo ya mwisho ambaye friji yake inanguruma bila kupoza, na gari hana.

Malori ndiyo yanayoniumiza kichwa zaidi. Lita moja ya dizeli ina kama uniti 10 za nguvu, na injini nzuri hufikisha 4 kwenye magurudumu. Lori lenye mzigo kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, hula lita 200 na ushee. Kwa umeme hizo ni kama uniti 1,000, yaani betri ya tani 6 hivi, na kuijaza kwa saa kumi kunahitaji kilowati 100. Lori moja, transfoma nzima ya kVA 100.

Lakini lori la korosho la Newala nalitazama kwa jicho jingine. Linapanda uwanda wa Makonde likiwa tupu na kushuka bandarini limejaa, na mota ya umeme kwenye mteremko hugeuka jenereta, ikarudisha sehemu ya nguvu kwenye betri. Lichajiwe Mtwara mjini tu, Newala lipakie na kurudi. Ningependa sana kuona mtu analijaribu.

Wengine huniambia umeme wetu wenyewe unatokana na gesi ya Mnazi Bay, kwa hiyo hata tukihamia umeme hatujaacha kuchoma mafuta na gesi. Ni kweli gesi inachomwa. Ila inatoka hapahapa kwetu, wakati petroli yote ya nchi hii huja kwa meli. Hata kinywe, madini yanayotumika ndani ya betri hizi, kipo Ruangwa. Lami, matairi na grisi vitaendelea kutaka mafuta kwa muda mrefu, na sioni haja ya kuwadanganya watu juu ya hilo.

Kijana wangu yuko nguzo ya tatu. Nilimwambia achukue, aichaji baada ya saa tano usiku watu wakishalala, na akitoka juani mchana aiache betri ipoe kabla ya kuichomeka, maana joto ndilo linaloizeesha. Rafiki yake, wa nguzo ya kumi na nne, alikuwa amesimama pembeni anasikiliza. Yeye nilimwomba asubiri mpaka mtaa wao upate transfoma ya pili.