Je, wajua kwa nini injini iliyofungwa upya inaweza kunoki wiki ya pili?

Kwa miaka mingi mimi jibu langu lilikuwa moja tu, beringi feki. Mtu akiniambia amefungua injini, krenki (ile shafti ya chini inayozungushwa na pistoni) imesagwa, vitu vyote vipya, halafu baada ya siku kumi imeanza kugonga huko chini, nilimwambia arudi kwa muuza spea. Niliamini hivyo mpaka pikapu ya mjomba, iliyofungwa na fundi wetu wa Kariobangi Light Industries, Nairobi, iliponoki kabla ya kilomita 300. Tukanunua beringi zingine ghali zaidi, duka tofauti kabisa Kirinyaga Road, nazo zikaisha vilevile.

Ndio nikaanza kuuliza, kwani beringi inafanya nini hasa? Nilidhani ni chuma kigumu kinachobeba krenki. Kumbe uso wake ni laini, ukiukwaruza na ncha ya kisu alama inabaki, na injini ikizunguka vizuri krenki haiigusi kabisa, inaelea juu ya oili. Hapo tena wengi tunakosea, tunadhani ni pampu ndiyo inayoiinua. Pampu ikijitahidi inatoa kama paundi 60 kwa inchi mraba, haiwezi kushindana na pistoni inayosukumwa chini na moto, kazi yake ni kuleta oili tu ifike.

Kinachoinua krenki ni kule kuzunguka kwenyewe. Fikiria Thika Road mvua imepiga na maji yamesimama: gari ikienda polepole tairi inayasukuma pembeni na kugusa lami, lakini ikikimbia maji yanakosa pa kutorokea, yanajikusanya mbele ya tairi kama kabari na tairi inapanda juu yake. Kwa dereva hiyo ni hatari, kwa krenki ndio uhai. Krenki haikai katikati kabisa ya beringi, upande mmoja nafasi ni pana na mwingine ni nyembamba, sasa inapozunguka inaikokota oili kutoka kwa upana kuiingiza kwa wembamba, oili inabanwa, presha inapanda.

Mwaka 1883 Mwingereza Beauchamp Tower, akipima beringi za ekseli za treni, alitoboa tundu juu ya beringi ili atie oili. Badala ya kushuka, oili ikapanda ikamwagika nje! Akaziba na kizibo, kikasukumwa kikatoka, akagongelea kipande cha mbao, nacho kikatoka. Alipoweka geji ikapita paundi 200 kwa inchi mraba, na hakukuwa na pampu yoyote hapo. Osborne Reynolds akaandika hesabu yake 1886, na ndiyo bado inatumika.

Sasa kabari hiyo inaishi kwenye nafasi ndogo sana. Krenki ya kipenyo cha milimita 50 huachiwa nafasi ya kama milimita 0.05 hivi, wembamba wa unywele. Watu wa mashini, yaani karakana inayosaga krenki, wakisaga wakapitisha kidogo, oili inatoroka pembeni na kabari haijengeki, wakibakisha, inashika. Na krenki inaweza kuwa sawa ukipima mahali pamoja, ukisogeza maikromita, kile chombo cha kupima unene, kidogo au ukiigeuza robo mzunguko inakuwa nyembamba, kwa hivyo kipimo kimoja hakitoshi kumwamini mtu.

Yetu vipimo vilikuwa sawa. Shida tuliipata tulipotoa vile vizibo vidogo vya mifereji ya oili ndani ya krenki na kupitisha waya yenye kitambaa: likatoka tope jeusi, ukilisugua kati ya vidole linakwaruza kama mchanga. Huenda sehemu yake ilikuwa uchafu wa zamani, na mikwaruzo kwa beringi inaonyesha tu uchafu umepita, haisemi ulitoka kwa nani. Lakini watu wa mashini walidhani fundi ataosha, fundi naye alidhani krenki imetoka kwa mashini ikiwa safi, na hakuna aliyefungua vizibo. Hilo linaniuma mpaka leo kwa sababu lingemalizwa na mafuta ya taa, brashi na nusu saa.

Mara ya tatu mjomba alibeba krenki na beringi pamoja, akasimama hapo ikipimwa kila shingo, yaani sehemu inayokaa ndani ya beringi, ikaoshwa mbele yake. Kabla ya kuwasha tukachomoa plagi zote ili injini izunguke bila kuwaka, tukapiga stata kidogo kidogo mpaka taa ya oili ikazima, ishara kwamba oili imefika, ndipo tukazirudisha.