Alama za kumbukumbu za mzee: maswali na majibu

Mama wa miaka 74 huko Arua, Uganda, amepata alama 19 kati ya 30 kwenye kipimo cha kumbukumbu. Ana demensia (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri)?

Alama hiyo peke yake haitoshi. MMSE, kipimo cha kumbukumbu na akili chenye alama 30, humtaka mtu asome, aandike sentensi na kunakili mchoro, kwa hiyo asiyepita shuleni hupoteza alama akiwa mzima kabisa. MoCA, kipimo kingine cha aina hiyo, humwongezea alama 1 aliyesoma miaka 12 au pungufu, nyongeza ambayo haimfai kitu bibi asiyewahi kushika kalamu. Afadhali IDEA, kipimo kilichotengenezwa kwa wazee wa Hai, Tanzania: mzee hukumbuka maneno aliyotajiwa na kupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano.

Akirudi na kupata 16, si ameshuka?

Huenda. Tuseme alama zake huyumba kwa 2 hivi, kutegemea usingizi, homa au kelele za watoto. Tofauti ya vipimo viwili hubeba kuyumba kwa vyote viwili, yaani karibu 2.8 (2 mara kipeuo cha pili cha 2). Kushuka kwa 3 basi si ushahidi mzito. Vipimo vitatu au zaidi, kila baada ya miezi 6 hadi 12, ndivyo huanza kuonyesha mwelekeo. Badilisha orodha ya maneno kila mara, la sivyo mzee ataikariri na kushuka kwake kutafichika.

Modeli ya takwimu inaongeza nini?

Ni hesabu inayochambua vipimo vya wazee wengi kwa pamoja. Humpa kila mzee mstari wake: alipoanzia na kasi ya alama zake kubadilika. Mwenye vipimo vichache, mstari wake huvutwa kuelekea wastani wa wenzake. Elimu na umri lazima viingizwe. Hana cheti cha kuzaliwa? Uliza alikuwa mkubwa kiasi gani wakati wa uhuru, Oktoba 1962, au kama alishaolewa Amin alipochukua nchi, Januari 1971.

Wapi watafiti hukosea zaidi?

Kwa wanaotoweka. Wanaoshuka haraka ndio wasiorudi: wamefariki, wamehamia kwa binti yao Kampala, au familia inawaficha. Ukihesabu waliorudi tu, kijiji kizima kitaonekana kinapona! Andika sababu ya kila asiyefika, mtume mhudumu wa afya wa kijiji amwulize anayemtunza, kisha chambua alama na vifo katika modeli moja.

Lini nimpeleke hospitali bila kungoja vipimo hivi?

Akichanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, mpeleke siku hiyohiyo: yaweza kuwa malaria, maambukizi, sukari kushuka au kiharusi. Kama ni kwa miezi, beba dawa zake zote, za kienyeji pia, na uombe apimwe presha, VVU, kaswende na masikio.