Nyonga ya mzee huponea kitini

Familia ikimleta mzee kwenye nyumba yetu ya wazee baada ya upasuaji wa nyonga, swali huwa lile lile: "Daktari, apumzike muda gani?" Mimi si daktari, ni mtaalamu wa fiziotherapia, lakini Mombasa ukishavaa sare ya hospitali wewe ni daktari, na nimechoka kubishana. Jibu langu huwa haliwapendezi. Hapumziki. Kesho asubuhi, inshallah, atasimama.

Mifupa ya wazee, hasa ya akina mama walioacha kuona hedhi miaka mingi nyuma, hupungua uzito na nguvu, hata kuteleza kidogo msalani kukatosha kuvunja shingo ya mfupa wa paja. Daktari mpasuaji ama anaunga mfupa kwa chuma na skrubu, ama anatoa kichwa cha mfupa na kuweka cha bandia. Kwa walio wengi, upasuaji wenyewe hufanywa ili mgonjwa aweze kukanyaga mapema. Miongozo ya Uingereza inasema asimamishwe siku inayofuata, isipokuwa kuna sababu ya kitabibu ya kungoja. Sasa watu wagharamie chuma, kisha wamlaze mama wiki tatu?

Kulala kuna gharama yake. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti wa Marekani ambapo wazee wenye afya zao walilazwa kitandani siku 10. Walipoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu, na hao hawakuwa wamevunjika hata kidole. Kwa aliyetoka kupasuliwa, ongeza vidonda vya kulalia, nimonia, damu kuganda miguuni, na ile hali ya kuchanganyikiwa akamwita mwanawe kwa jina la marehemu nduguye.

Kwa hiyo kifaa ninachokitegemea zaidi ni kiti. Si mashine, si mpira wa mazoezi. Kiti cha mbao chenye mikono.

Mtazame mtu mzima wa afya akiinuka. Anasogea ukingoni, anarudisha nyayo nyuma kidogo ya magoti, anaegemea mbele mpaka pua inakaribia kupita vidole vya miguu, ndipo makalio yanaachana na kiti. Mzee mwenye hofu hufanya kinyume chake: anaegemea nyuma, ananyoosha miguu mbele, kisha anatoa mikono miwili avutwe. Na sisi, kwa huruma, tunamvuta. Au tunampitishia mikono kwenye makwapa na kumnyanyua mzima mzima, jambo linaloumiza bega lake na mgongo wa anayemnyanyua. Mbaya zaidi, mwili unajifunza kungoja kuvutwa.

Aliyewekewa nyonga ya bandia ana masharti yake. Kama mpasuaji alipitia nyuma ya nyonga, kwa kawaida huagiza kwamba kwa majuma ya mwanzo asikunje nyonga kupita nyuzi 90, asipishanishe miguu, wala asigeuzie mguu ndani. Huyo simwinamishi mbele sana. Mguu uliopasuliwa unatangulizwa mbele, mikono inasukuma mikono ya kiti, na kiti chenyewe kinakuwa cha juu kuliko kawaida. Basi kabla hujaiga mazoezi ya jirani, soma karatasi ya kutoka hospitali. Ikiwa haisemi kitu, piga simu wodini uulize.

Urefu wa kiti ndio unaoamua mengi. Kikalio kiwe usawa wa kunjo la nyuma ya goti, au juu kidogo. Vile viti vya plastiki vya harusini ni vyepesi, vinateleza kwenye vigae, na vingi ni vifupi. Nimewaomba wenye nyumba yetu wavitoe veranda nzima. Kochi laini ni balaa zaidi: mzee anazama humo, hatoki mpaka wapatikane vijana wawili.

Kipimo changu ni rahisi. Mikono kifuani, anainuka na kukaa kwa sekunde 30, tunahesabu. Kwa viwango vya Marekani, mwanamke wa miaka 75 hadi 79 asiyefikisha mara 10 yuko chini ya wastani, na akitumia mikono anapewa sifuri. Wengi wangu huanzia hapo. Sioni aibu kuandika sifuri, kwani ndiyo inayonionyesha mahali pa kuanzia.

Mimi nina nusu saa na kila mzee, na nusu saa haijengi paja. Kinachojenga ni yale masaa mengine, ambayo yako mikononi mwa wahudumu. Tulipopanga ratiba ya kuinuka tulifuata adhana, kwa sababu wazee wetu wengi ni Waislamu na hakuna saa wanayoiheshimu kuliko hiyo. Mara tano kwa siku, kabla ya kutia udhu, kila mmoja anainuka na kukaa mara kadhaa, kwa nguvu zake, mhudumu akiwa ubavuni bila kumshika. Wakristo wetu nao wamejiunga. Adhana ya Pwani haichagui masikio.

Sala yenyewe ina uchungu wake. Mtu aliyesujudu miaka sabini, leo unamwambia asiinamishe nyonga! Namkumbusha hadithi ya Imran bin Huswain: sali umesimama, usipoweza ukae, usipoweza ulale ubavu. Akiambiwa na sheikh hukubali upesi zaidi kuliko akiambiwa na mimi, kwa hivyo sheikh huitwa mapema.

Bi mmoja wa Kibokoni aliniambia, "Niache mwanangu, nilipofika pametosha."

"Pametosha vipi, Bi, na msala uko kule?"

Alicheka, akainuka.

Kwa kweli msala, yaani choo, ndio kisa chote. Wazee wengi hupunguza maji ili wasiende chooni. Kwa joto letu, hasa miezi ya kaskazi, maji yakipungua presha hushuka mtu anaposimama ghafla, kichwa kinazunguka, na ndiyo hiyo safari ya pili ya hospitali. Akae kwanza ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili, achezeshe vifundo vya miguu, ndipo asimame. Choo cha kuchuchumaa kiwekewe kiti cha juu, na ukutani vyuma vya kushikia vilivyofungwa kwa boliti. Bomba la taulo halibebi mtu.

Mengine kwa haraka. Bakora hushikwa mkono wa upande mzima, si wa mguu mbovu, ingawa karibu kila familia huniletea mzee ameishika kinyume. Vishikio vya fremu ya kutembelea viwe usawa wa kifundo cha mkono, mkono ukiwa umening'inia. Ndara za mpira zitupwe, avae kiatu chenye mkanda wa kisigino, na leso isimfike nyayo. Dawa ya maumivu anywe nusu saa hadi saa moja kabla ya mazoezi, maana mwenye maumivu hadanganywi. Na chai ya rangi kwa mahamri haijengi misuli: hayo mahamri yaje na mbaazi, au yai, na mchana kuwe na samaki.

Kisha linakuja swali la Idi: "Tumchukue nyumbani?" Ndiyo, lakini nyumba za Mji wa Kale nazijua, ngazi zimesimama kama ukuta na hazina kishikio. Kupanda, mguu mzima hutangulia. Kushuka, mguu mbovu na bakora hutangulia. Mwenye kumsaidia husimama nyuma yake akipanda, na mbele yake akishuka. Kabla sijakubali, nataka mtu wa nyumbani aniletee mambo manne: idadi ya vidato, urefu wa kidato kimoja, urefu wa kitanda atakacholalia, na picha ya choo. Hivyo vidato navifanyia mazoezi naye hapa kwetu kwanza. Asipoviweza bado, Idi tunaifanyia hapa, na biriani mtatuletea.