"Wanaume -77 kg": kile kistari kwenye ratiba ya jujitsu kinasema nini

Kwenye ratiba ya jujitsu ya Michezo ya Asia kuna mistari ya namna hii: "Wanaume, ne-waza, -77 kg". Aliyezoea ndondi husoma "kilo 77" akapita zake, na kile kistari cha mbele akakidhania kosa la uchapaji. Kistari hicho ni alama ya kutoa, nayo imewekwa makusudi. Maana yake ni kwamba mpiganaji asizidi kilo 77. Mizani ikisoma 76.8 anapita, ikisoma 77.3 hapiti. Kwa upande wa chini, mpaka unawekwa na daraja lililotangulia, ambalo ni -69. Kwa hiyo -77 si uzito wa mtu yeyote. Ni chumba cha wanaume waliovuka kilo 69 na hawajavuka 77.

Ngazi nzima ya wanaume kwenye shirikisho la kimataifa la mchezo huu, JJIF, inakwenda hivi: -56, -62, -69, -77, -85, -94, halafu +94 kwa walio juu ya hapo. Tazama nafasi kati ya daraja na daraja: kilo 6, 7, 8, 8, 9. Mbona zinapanuka? Shika kikokotoo ugawanye kila dari kwa lile la chini yake, utaona kila mara jibu linazunguka 1.1. Yaani kila daraja ni zito kuliko lililotangulia kwa takriban sehemu moja ya kumi. Kilo 6 kwa mwanamume wa kilo 56 ni mzigo wa kweli. Kwa mwenye 94 ni mlo wa sikukuu na maji ya kushushia.

Neno la katikati, ne-waza, ni la Kijapani: mbinu za kupigania chini, mkekani. Usilipuuze, kwa sababu jujitsu ya kimataifa ina pia mtindo uitwao fighting, wenye ngumi, mateke, kutupana na kukabana, na huo nao una -77 yake. Anayesoma namba peke yake anaweza kuchanganya mashindano mawili tofauti kabisa.

Kwenye ne-waza hakuna ngumi wala teke. Pambano la watu wazima ni dakika 6. Wanaanza wamesimama, kila mmoja akitafuta mshiko wa kola au mkono wa vazi la mwenzake. Ukimpiga mtama akaanguka na ukamdhibiti, alama 2. Uliyelaliwa ukifanikiwa kumpindua aliye juu yako, 2 pia. Kuipita miguu ya mpinzani, ambayo ndiyo ngome ya aliye chini, ni alama 3. Kumkalia kifuani, au kumpanda mgongoni na kumfunga kwa miguu, ni 4. Hesabu yote hiyo inafutika mmoja akipigwa kabali (vijana wa mjini wangesema roba) au mkono wake ukinyooshwa kupita kiwiko kinavyoruhusu, akapiga kofi mkekani mara mbili tatu. Hapo mchezo umekwisha, hata kama aliyesalimu amri alikuwa anaongoza kwa alama 10.

Ju katika jina la mchezo ni ulaini, ule wa kutoa njia badala ya kushindana nguvu. Ndiyo maana kila mwalimu atakuambia mdogo anaweza kumshinda mkubwa. Ni kweli, mkubwa akiwa hajui. Wote wawili wakijua, kilo zinarudi kazini, tena chini kuliko wakiwa wamesimama. Aliyesimama anaweza kukwepa, lakini aliyelaliwa kifuani na mtu mzito anapigania kwanza pumzi, mbinu baadaye. Kwa maoni yangu, hakuna mchezo wa mapigano unaohitaji mizani kuliko huu unaojisifu kuwa hauihitaji.

Orodha ya JJIF isikudanganye kwamba kila mashindano yana madaraja yote. Jujitsu iliingia Michezo ya Asia mwaka 2018, Jakarta, ikapewa medali 8 za dhahabu. Sita zilikwenda kwa madaraja ya wanaume, kuanzia -56 hadi -94, na mbili tu kwa wanawake. Hangzhou, China, michezo iliyoandikwa 2022 lakini ikafanyika 2023 kwa sababu ya korona, dhahabu zilibaki 8, safari hii nne kwa nne. Haki kwa wanawake, bila shaka. Ila kwa wanaume ngazi ilikatwa juu na chini: zikabaki -62, -69, -77 na -85. Aliyekuwa na kilo 56 ikambidi akutane na watu wa 62. Aliyezoea -94 alikuwa na njia mbili: ashuke mpaka 85 au abaki nyumbani.

Kwenye -77 ya Hangzhou dhahabu ilikwenda Korea Kusini kwa Koo Bon-cheol, na kwenye -85 ikachukuliwa na Faisal Al-Ketbi wa Falme za Kiarabu, nchi ambayo ilianza kufundisha jujitsu shuleni mwaka 2008.

Lipo pia daraja lisilo na kistari wala namba. Kwenye Michezo ya Dunia, ile inayokusanya michezo iliyo nje ya Olimpiki, ratiba ya ne-waza ya mwaka 2017 mjini Wrocław, Poland, ilikuwa na uzito huria, ambapo mwembamba na jitu huingia mkeka mmoja. Huko ndiko yule mwalimu wa "mdogo anaweza kumshinda mkubwa" anapoweza kwenda kuthibitisha maneno yake.